Kijiti cha Paa Langu

Nilirudi Sugoi kutoka chuo kikuu na maoni mengi kuhusu mapaa. Kileleni mwa nyumba yangu ya msonge kulichomoza kijiti; nikakikata, paa liwe laini kama kuba nilizoziona vitabuni. Kwetu, kijiti hicho huondolewa mwenye nyumba akifa. Nilijua, ila nilijiona msomi.

Asubuhi mama, akitoka kukamua ng'ombe wa mzungu aliyemwajiri, aliliona paa kwa mbali akapiga mayowe. Majirani wakamfuata mbio. Nilitoka nje na mswaki mdomoni.

"Mama, maiti wako huyu hapa," jirani akasema. "Anapiga mswaki!"

Watu walicheka. Mama aliketi chini, akaushika mguu wangu, akaupapasa polepole, nami nikakosa pa kuweka uso.