Tulipomchelewesha Marehemu

Kwetu kando ya ziwa, kumzika mtu haraka ni kumtusi. Maiti hukaa mochari wiki mbili, hata tatu, mpaka ndugu wa Mombasa wafike, mahema yakodiwe na kwaya ijifue. Nimeishi mtaa wa West Indies hapa Eldoret miaka mingi, lakini hilo sijaliacha. Ndiyo maana kundi letu lilipomwomba mama mmoja Mwislamu wa Turbo asimzike mwanawe kwanza, mimi sikuona ubaya.

Kundi letu ni la dini zote: padri, mchungaji, imamu, mama wa Kihindi mwenye duka, na sisi walimu tunaopenda kujichosha. Tuna wenzetu dunia nzima wanaotetea haki za binadamu, na fulana tunazo nzuri sana. Kijana wa mama yule aliingia seli ya polisi akitembea, akatolewa amefunikwa blanketi. Bila daktari kumpasua na kuandika kilichomuua, hakuna kesi.

Mama alitaka azikwe siku ile ile, kama dini yake inavyoagiza. Imamu akamweleza kwa upole kwamba jambo likiwa zito hivi, kungoja kunaruhusiwa. Akakubali. Daktari aliahidi kufika kesho yake, kumbe kesho yake yuko mkutanoni Nairobi. Aliporudi, askari aliyepaswa kushuhudia hakutokea.

Sisi hatukukaa bure. Tuliwasha mishumaa nje ya mochari, kwaya ikaimba, mchungaji akashika kipaza sauti akahubiri, tukapigwa picha za kuwatumia wenzetu wa ng'ambo. Mama alikaa kwenye benchi, ametupa kisogo. Nilikwenda kuketi naye.

“Mwalimu,” akasema, “kijana yangu ako kwa hiyo friji, na mimi nalala kwa kitanda.”

Kwetu tungekuwa hata hatujachagua rangi ya sare za mazishi. Kwake, kila saa ilikuwa ni kumkatalia mtoto kupumzika. Hasira zikanipanda: kwa daktari, kwa askari, kwa kwaya yetu na mapambio yake. Nikamwambia akitaka kumchukua, nitamtafutia gari sasa hivi, na kesi na ife.

Akageuka akanitazama.

“Nikimchukua leo, si watafanyia mwingine hivyo hivyo?”

Nilitamani kumdanganya. Nikamwambia huenda.

“Basi wacha akae. Lakini ambia watu wako wanyamaze.”

Nilikwenda nikakizima kipaza sauti, mchungaji akiwa katikati ya maombi. Mpaka leo hanisalimii vizuri.

Daktari alikuja hatimaye, akaandika alichokiona, na kijana akazikwa. Kesi ingali inaahirishwa. Mama hufika kortini kila mara, hukaa karibu nami, na ikishaahirishwa hunishukuru na kurudi Turbo. Hajaniuliza hata mara moja kama tulimweka mwanawe kwenye baridi bure. Naogopa siku atakayouliza.