Bustani ya Mama Juu ya Mfarishi

Siku ile naikumbuka kwa harufu yake, mwanangu. Nilikuwa kigoli nisiyejua hata kufunga kanga ikakaa, na tulikuwa hapa hapa Wingwi, nyumba hii hii unayoiona leo ina bati. Baba alikuwa amefariki wiki chache nyuma, na mama yumo edani. Mbele ya baraza ilikuwapo bustani yake: miasumini, mirehani, mwaridi mmoja mkaidi, na mkilua aliouotesha karibu na ukuta wa choo, kwa kuwa kila mahali, alisema, pana haki ya kunukia.

Mama alikuwa mtu wa maneno na vicheko. Tangu msiba alinyamaza. Chakula alikigusa tu akakisogeza, na bibi, mama yake mzazi aliyekuja kukaa naye, alimtazama anavyokonda. Mimi niliogopa kwamba na yeye nitampoteza. Hofu hiyo sikumwambia mtu.

Basi jioni moja nikachuma matumba ya asumini kabla hayajafunguka, kama alivyonifunza mwenyewe, nikayatunga pamoja na rehani, nikapata kikuba kizuri hasa cha kuvaa kifuani. Nikampelekea chumbani. Nilidhani atatabasamu. Alikishika, akakitazama kidogo, kisha akanirudishia mkononi na kulia kilio ambacho hakulia hata siku ya maziko. Mjane wa eda hajipaki manukato wala hajipambi, hilo unalijua. Na mimi nililisikia chuoni kwa mwalimu wa Kurani, lakini sikuliwaza kuwa linazihusu asumini za mama yangu. Isitoshe, baba ndiye aliyekuwa akipenda kumwona na kikuba.

Bibi akanishika mkono akanitoa uani. Nilikuwa nimeshakaza shavu kungoja kofi.

"Ntu wa eda humpi unachotaka kutoa wewe," akaniambia. "Humpa anachoweza kupokea. Mamako macho anayo, na mikono anayo. Hivyo havikukatazwa."

Asubuhi yake akafungua kasha, akatoa kanga kuukuu, kipande cha marekani, mkasi na sindano, akavimwaga vyote mbele ya mama. Akasema anataka mfarishi wa kujifunika, wa kitambaa juu ya kitambaa, uliopigwa bandi ya sindano ukashikana, na juu yake ubandikwe maua yaliyokatwa katika kanga. Baridi ya kipupwe, alidai, inamwingia magotini. Magoti ya bibi yalikuwa mazima kuliko yangu, lakini mama hakubisha.

Aliuliza tu, maua gani. Bibi akamjibu kuwa ni hayo hayo yaliyoko nje. Ndipo mama, asiyetoka nje mpaka eda iishe, akanigeukia mimi.

"Jani la mwaridi ukingoni likoje?"

Nikamwambia ni laini. Akaniuliza kama nina hakika. Mwanangu, nilikuwa nimepita mbele ya mwaridi ule tangu nilipoanza kutembea, na sikuwa na hakika. Nikatoka kwenda kutazama, nikakuta ukingo wake una meno kama ya msumeno.

Ikawa ndiyo kazi yangu. Yeye akauliza, mimi nikatoka. Na ukishatazama kitu kwa makini huwezi kukiacha kama ulivyokikuta. Niliona udongo umepasuka, nikachota maji. Niliona magugu yameibana mirehani, nikayang'oa. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, nasi bustani ile tulikuwa karibu kuipoteza kwa sababu mwenyewe hakuwapo na mimi nilikuwapo bure.

Ndani, mama alikata, akakunja kingo, akashona kwa mishono usiyoiona. Tukaanza kugombana. Nikisema tumba la asumini limesimama, yeye anasema linainama, nami natoka, nalikuta limeinama kweli. Mtu mwenye kugombana huona njaa. Haba na haba hujaza kibaba: tonge moja, kisha mbili, mpaka siku moja akaulizia mchuzi.

Eda ilipokwisha alikoga, akavaa, akatoka barazani na mfarishi begani. Akasimama muda mrefu, anatazama nje, anatazama nguo, anatazama nje tena. "Kumbe hukunidanganya hata jani," akasema. Kisha akashuka mwenyewe, akachuma matumba ya asumini, akatunga kikuba, akanivisha mimi.

Nakwambia haya kwa sababu shoga yako amefiwa na mumewe, na tangu jana nakuona umeinamia simu, unaandika maneno na kuyafuta. Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Mwaka mume wangu alipotangulia mbele ya haki, nami nikakaa eda chini ya mfarishi huu huu, mjukuu wangu aliniletea picha za bustani kwenye simu, akadhani amemaliza. Nikamuuliza jani la mkilua kwa chini lina rangi gani. Akaikuza picha, akaigeuza. Mwisho akaiweka simu kitandani, akatoka nje. Pale pale nikajua nitapona.

Kwa hiyo, mwanangu, panda ua hata kama ni kwenye kopo, na jifunze sindano sasa, kabla hujazihitaji. Mwenye huzuni usimdai tabasamu. Mpelekee mikono yake kazi ndogo, kisha uwe macho yake mpaka mlango umfungukie. Na ukitumwa kutazama, tazama kweli.

Mungu akuepushe na msiba wa mapema. Na ukikufika, maana hutufika sote, akujaalie mtu wa kutoka nje kwa ajili yako, akurudie na habari za bustani yako. Haya, chukua mkasi. Kanga ziko kashani.