Bendera Iliyomkasirisha Mama wa Jirani

Mwalimu wetu wa masomo ya jioni alituambia kwamba mji wenye heshima zake una bendera na nembo, na kila kilichochorwa humo kina maana. Simba hawekwi pale kwa kuwa mchoraji apenda paka. Basi sisi wanafunzi watu wazima, wachukuzi na wauza duka, akatupa kazi: kila mmoja abuni bendera ya Mombasa, aje asimame aieleze. Hiyo ni miaka ya tisini mwanzo mwanzo, na akili yangu ilikuwa haijapata kuwashwa vile. Kutwa nzima dukani nikiwauliza wateja: mji huu ukichorwa, uchorwe nini? Mmoja akanijibu nimpimie sukari yake kwanza.

Nikachagua vitu vitatu. Samaki, kwa riziki. Ufunguo, kwa kuwa bara yote mlango wake ni bandari yetu. Mnazi, maana bila tui hakuna Mombasa. Shangazi, niliyekuwa nikikaa kwake nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, akanishonea kwa kitambaa cha buluu. Samaki alitoka mkubwa, mdomo wazi. Ungempika, kisiwa kizima kingeshiba na Likoni wakapelekewa mchuzi. Shangazi akaifua, akaianika dirishani.

Dirisha la ng'ambo ya kichochoro, ambalo ukinyosha mkono walishika, lilikuwa la mama wa binti niliyemposa. Jibu la posa tulikuwa bado twalingoja.

"Wewe kijana! Leso hiyo waniambia mimi?"

Kwetu leso, khanga yenye maandishi yake, haivaliwi tu, husemwa nayo. Jirani aliyekasirika humwanikia mwenziwe maneno. Nami kwa wingi wa elimu nilikuwa nimesahau.

"Si leso, mama. Ni bendera ya mji."

"Mji gani wenye domo hilo, tena limeelekea kwangu? Na ufunguo ndio nini, kwamba namfungia binti yangu? Na mnazi! Kwa kuwa kakangu wa Majengo hunywa tembo, ndio mumtundike? Basi posa katafuteni kwengine!"

Jasho lilinitoka ndoo mbili. Nikaigeuza bendera haraka. Samaki akamwelekea shangazi, aliyekuwa akisonga ugali.

"Ala! Sasa mwenye domo ni mimi?"

Nikapanda nayo juu ya paa, nikaifunga kwenye mpini wa ufagio, nikaisimamisha. Upepo ukaishika. Samaki akamtazama muuza kahawa, akamgeukia fundi cherehani, akawakodolea watalii waliokuwa wakiteta bei ya vinyago. Mama wa ng'ambo alitoa kichwa dirishani, akimfuata kwa macho.

"Kumbe yuwatuambia sote," akasema.

"Sote, mama. Ndiyo kazi ya bendera."

Akaegemeza viwiko dirishani.

"Na huo ufunguo, wasema wafungua wapi?"

Nikamweleza: Nairobi, Uganda, Kongo, na nchi nyengine ambazo hata leo sina hakika kama zipo. Akauliza, na buluu je? Na mnazi mbona umepinda? Nikajibu kila moja kwa sauti ya kufika Ganjoni, mguu mmoja kwenye bati, mwengine hewani. Nyuma yake binti akacheka.

Mama akamtazama binti, akanitazama mimi.

"Shuka huko kabla hujaanguka," akasema. "Huyu nitamwoza nani?"