Mwangaza Yenye Kuzunguka Musumari

Kwetu baba hakatake maneno kubwa yeye peke. Kaka yake, baba mukubwa, njo anakataka. Basi yeye njo alipaswa kusema kama miye nitaenda polytechnique ku Lubumbashi, ao nitaingia naye mu mashimo ya shaba ya Kamatanda.

Siku ya Mungu, kisha kula bukari, akaniuliza: "Mwana, ile bintu unasomaka mu telefone kila siku ni nini?"

Nilifurahi. Nikakamata mufuko ya unga, ile ya kusuka, nikaingiza musumari katikati ya nyuzi, pole pole, bila kukata hata moja.

"Tazama, baba mukubwa. Nyuzi imesogea. Kadudu kenye kufuata uzi kanazunguka musumari, kanatokea ngambo, kanazani kalipita sawa tu. Hakajue kama musumari iko. Na mwangaza, banaweza kuipitisha vile. Unavuta espace, ni kusema nafasi, mu ma-équation, kisha unapanga bipete bidogo bya shaba, onde ya radio, ile mwangaza yenye macho haione, inazunguka kintu sawa vile haiko."

Aliinama, akaguza nyuzi. "Njo vile tunafanyaka na jiwe nguvu mu shimo. Tunazunguka."

Alisikia mbio kuliko prof wangu. Nilimupenda ile saa.

Kisha akageukia baba: "Atutengenezee kifuniko moja ya vile. Tutafunika mifuko ya mawe ya shaba, tupite ku barrière ya mashimo, ba-garde wenye kulinda hawataona kintu. Kisha aende kusoma kwenye anataka."

Mama akasema: "Mu nyumba yangu hapana buloji."

"Haiko buloji, mama. Ni géométrie."

"Basi hiyo géométrie tuiombee."

Ningesema ndiyo tu. Nani alinituma kueleza? "Hapana, baba mukubwa, ile ya shaba inaficha ku onde moja tu, macho inabakia inaona. Tena mwenye kuwa ndani haone inje, juu mwangaza haimufikie."

Alifikiri kidogo. "Kwa hiyo ba-garde watatuona, na siye hatutaona ba-garde?"

"Ndiyo."

Baba alicheka mpaka mayi ilimupita mubaya. Baba mukubwa hakucheke. "Miaka sita ya secondaire," akasema, akasimama, akaniambia nitafute ma-bottes ya kuingia naye mu shimo.

Sasa ni mwezi wa tatu niko Kamatanda. Kazi nguvu hainikasirishe sana. Kama hangesikia, ningemusamehe. Lakini alisikia yote, na njo yeye alikatala niende kusoma.