Release notes zetu zilivyopoteza onyo moja, na Sista wa Isinya akazifuata

Wakuu, salamu popote mlipo. Hii sijaitunga kutafuta likes. Ni kitu nilichopitia mwenyewe.

Miaka ile ya 2000s, kabla internet ya kasi haijafika Kitengela, nilikuwa kwenye kikundi kilichotengeneza programu ya bure ya kuweka rekodi za wagonjwa kwa zahanati ndogo. Open source kabisa, code iko wazi kwa yeyote. Developers walikuwa nchi tofauti, wengi hatujawahi kuonana.

Kazi yangu ilikuwa kusimamia release notes: ukurasa mmoja wa wiki, ile tovuti ya kuandikwa na wengi, ambapo kila mtu anaongeza sehemu yake, kueleza toleo jipya lina nini na linawekwaje.

Sasa, cyber tulilipia internet kwa dakika. Kwa hivyo sisi wa Kenya tulikuwa na mtindo wetu. Unakopi ukurasa wote kwa flash disk, unaandika nyumbani kwa utulivu, halafu unarudi cyber, una-paste wote mzima na ku-save. Tuliona ni ujanja. Hakuna aliyejiuliza itakuwaje kama mwenzako ameongeza kitu wakati wewe uko nyumbani.

Toleo lile lilikuwa na hatari moja. Ukiliweka bila kufanya backup, yaani nakala ya akiba, rekodi za zamani zinafutika. Developer mmoja aliniandikia kuhusu hilo, nikaweka onyo juu kabisa ya ukurasa, herufi kubwa.

Kesho yake asubuhi release ikatangazwa. Nikaenda cyber kuangalia kazi yetu, roho safi.

Onyo halikuwepo.

Wekesa, mwenzetu aliyekaa Kiserian, alikuwa ame-paste nakala yake ya zamani juu ya yangu. Nikampigia.

"Buda, lakini mimi niliweka tu section yangu!"

"Uliweka page yote. Rudisha ile ya jana, sai sai."

Kumlaumu sikuweza. Sote tulifanya hivyo hivyo.

Lakini ukurasa haukuwa hofu yangu kubwa. Sista Nashipae, nesi wa zahanati moja upande wa Isinya, alikuwa ameniambia ataprint maelekezo asubuhi hiyo na kuweka toleo jipya kabla wagonjwa hawajajaa. CD ya toleo hilo alikuwa nayo tayari. Kwenye kompyuta yake kulikuwa na watu wa dawa za TB: nani ni nani, nani arudi lini. Daftari walishaliacha.

Nikapiga simu. Mteja hapatikani. Nikapiga tena. Hapatikani.

Nikatuma SMS, USIWEKE BADO, nikakimbia kutafuta gari la Isinya. Njia nzima naomba Mungu stima zipotee. Mkenya mzima naomba stima zipotee!

Stima zilikuwepo.

Nilimkuta mbele ya kompyuta, karatasi mkononi, simu imeisha chaji.

"Supa, Sista. Umeshaweka?"

Hakuitikia salamu. "Nimefuata vile imeandikwa. Kila laini. Sasa watu wangu siwaoni."

Niliangalia skrini. Hakukuwa na jina hata moja.

"Ni mimi nimeharibu?" akauliza.

Nikamwambia si yeye, ni sisi. Hakuniamini. Aliendelea kupitisha kidole kwenye ile karatasi, akitafuta alipokosea. Niliumia sana kumwona hivyo.

Tulianza kuandika upya kutoka kadi ambazo wagonjwa hukaa nazo. Wengi walikuja wenyewe. Wengine Sista aliwafuata hadi manyattani kwa mguu, na mimi nyuma yake. Ila mzee mmoja alikuwa amehama na ng'ombe wake kutafuta nyasi. Hatukumpata. Kama alimaliza dawa, sijui.

Nilichojifunza: kwenye mradi wetu ku-paste ukurasa mzima kuliisha siku ile. Gusa sehemu yako tu. Na hatutangazi kitu kabla mtu asiye mmoja wetu hajafuata maelekezo neno kwa neno kwenye kompyuta yenye rekodi za majaribio. Maana yale unayoandika haraka haraka ukiwa cyber, kuna mtu mahali fulani atayaamini kuliko anavyojiamini mwenyewe.

Wenye mmewahi kuandika maelekezo yakamwangusha mtu, semeni hapa chini, msione aibu. Mimi nikipita Isinya bado naulizia yule mzee.