Mwanafunzi Wangu Alisoma Mbele ya Darasa Kwamba Nimekufa

Admin, naomba ufiche jina langu, na wanaonijua wakinitambua basi wanyamaze. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, naishi Temeke, nafundisha tuisheni ya Kiingereza kwenye chumba cha mbele nyumbani kwa mama yangu. Wanafunzi wangu ni wanaorudia mitihani na watu wazima wanaotafuta kazi. Wananiita Madam, wengi hata jina langu hawalijui. Naandika nikiwa na hasira, siwafichi.

Niliolewa na mwanaume wa Lindi, tukapanga Sinza. Alikuwa na cheti kizuri cha uhasibu lakini kila usaili alikuwa anakwama kwenye Kiingereza. Alikuwa anatafsiri neno kwa neno alivyoliwaza kwa Kiswahili, sentensi inaanza na mtu huyu inaishia kwa mwingine. Nikamfundisha mimi. Kila jioni nampa mada, anaandika, nasahihisha, anarudia, mpaka akaweza kuandika barua ya maombi na kujieleza bila kutetemeka. Akapata kazi kwenye shirika lenye mabosi wa kizungu. Baada ya hapo nikawa simfai. Nikiongea mbele ya wenzake ananikatiza, eti Kiingereza changu cha ubaoni. Siku moja akaaga kwamba amehamishiwa Dodoma, atanichukua akipata nyumba. Akabadilisha namba, ndiyo ikawa imetoka hiyo.

Talaka hakunipa. Mama ameenda kwa wazee wa mume wangu mara kadhaa, wanamjibu kijana yuko mbali, tusubiri. Alitokea mtu wa maana kabisa anataka kunioa, nikamwambia siwezi, mimi bado mke wa mtu.

Sasa sikieni. Mwaka huu alikuja binti kutoka Buguruni, mtoto wa mfanyabiashara wa Kiarabu, mpole, mwenye adabu zake. Akasema, "Shikamoo Madam. Mie naolewa, mchumba wangu anataka nijue Kiingereza kabla ya harusi, maana mabosi wake watakuja." Nikampokea.

Darasani kwangu kuna utaratibu: insha siisahihishi mpaka aliyeiandika asimame aisome kwa sauti, wenzake wamsikilize. Nikatoa mada ya mtu unayemheshimu. Binti akasimama akatusomea habari za mchumba wake. Jina, kwao Lindi, ofisi anayofanyia, mpaka kovu la kwenye nyusi. Mimi nimeshika chaki. Nikamwambia, "Vizuri, kaa," nikaendelea na somo.

Ningeweza kumvuta pembeni siku ile ile nikamweleza. Sikutaka. Nilianza kutoa mada za kunifaa mimi, darasa zima likawa linaandika bila kujua wanamtumikia nani. Nikasema waeleze nyumba wanayotarajia kuishi, nikajua mume wangu amejenga Chanika. Nikasema waandike jinsi walivyofahamiana na rafiki, nikajua Dodoma hajawahi kuhamia hata siku moja. Nilikuwa narudi jikoni nacheka peke yangu, na roho inaniuma.

Wiki iliyopita mada ilikuwa jinsi familia mbili zinavyokutana. Binti akasoma kwamba baba yake alishaapa hamwozeshi mtoto wake kwa mwanaume aliyemtelekeza mke, ila huyu alimkubali kwa sababu alifiwa. Mke wake wa kwanza alikufa kwa homa huko Sinza. Akaeleza walivyomfanyia marehemu dua nyumbani kwao, wakapika pilau, mchumba wake akalia mpaka wazee wakambembeleza. Jina la marehemu akalitaja, na la baba yake. Ni jina langu, na la baba yangu.

Kijana mmoja wa nyuma akasema, "Masikini, Mungu amrehemu." Wote wakaitikia amina. Na mimi nikaitikia amina.

Nikachukua karatasi ya binti nikaisahihisha aya kwa aya, nikampa alama nzuri maana aliandika vizuri kweli. Kisha nikaingia ndani nikamsimulia mama.

Mama akasema, "Mwanangu, usimwaibishe. Mtafute, kaa naye faragha, mwambie akupe talaka yako nawe utanyamaza. Ukimuumbua atakukomoa, atakuacha unaning'inia hivyo hivyo mpaka uzeeke."

"Na binti wa watu?"

"Binti wa watu ana baba yake."

Mama hajakosea, najua. Lakini mimi nimeliwa pilau nikiwa hai, jamani. Kutoka tu na karatasi ya talaka mkononi, yeye aende ukumbini na suti yake apigiwe vigelegele, kwangu haitoshi. Nataka atahayari mpaka akose pa kuweka uso.

Jana binti amenifuata baada ya kipindi, anacheka. "Madam, Jumamosi baba na mchumba wangu wanakuja kukushukuru. Nimewaambia nitawasomea insha yangu ya familia, ile uliyoisifia." Nikamwambia karibuni sana. Namba ya mume wangu sasa ninayo, binti mwenyewe kanipa nimwelekeze njia. Nyumba hii haijui, mama alihamia hapa baada ya yeye kuondoka.

Wale wa kuniambia nimwachie Mungu naomba mpite, huyo Mungu ndiye aliyemleta binti darasani kwangu. Nyie wengine nisaidieni mawazo. Nimpigie, tumalizane kimya kimya, nipate uhuru wangu, na binti aolewe na mwongo? Au ninyamaze, aingie na mkwe wake, akae kwenye kiti cha mbele, asikie ninavyosomewa kifo changu huku namtazama? Moyo wangu unataka hili la pili, hata kama sitaolewa tena maisha yangu yote. Kinachonikata maini ni huyu mtoto. Hajanikosea kitu, na yeye ndiye atakayekuwa amesimama anasoma.

Mngekuwa nyie mngefanyaje? Nijibuni leo, maana kesho mume wangu atampigia Madam kuuliza njia.