Neno Jekundu Kwenye Kopo

Juzi fundi alikuja kupaka rangi geti la nyumba ninayopanga hapa Same mjini. Alipofungua chupa ya thina, ile harufu kali yenye utamu wa kulevya ikaingia dirishani ikanikuta nachambua mchele, na mikono yangu ikasimama yenyewe. Nikafunga dirisha. Fundi akanung'unika kwamba watu wengine hawataki hata kunusa kazi ya mwenzao. Ningeanzia wapi kumweleza kwamba harufu ile hunirudisha Hedaru, kwenye kibanda cha mama yangu kando ya barabara kuu, mwaka ule kaka yangu alipopenda maneno ya Kiingereza kuliko chakula?

Mama alikuwa akiuza chai na chapati kwa wasafiri na watu wa malori. Baba alifanya kazi kwenye machimbo ya jasi kule Makanya, na alikuwa akirudi mwisho wa juma akiwa mweupe mpaka kwenye kope. Mimi nilikuwa darasa la pili. Kaka yangu Anaeli alikuwa kidato cha kwanza katika shule ya kata, na katika ukoo wetu wote ulioteremka kutoka Chome, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvaa suruali ndefu ya sekondari. Mama aliipiga pasi ile suruali hata siku ambazo haikuvaliwa.

Mwalimu wake wa Kiingereza, mzee Mbwambo, alikuwa amesoma seminari ujanani. Upadri hakuufikia, lakini Kilatini na Kigiriki kidogo vilimbakia kichwani, naye akavigawa bure darasani. Neno geni usilikimbie, aliwaambia, lichimbe. Chini utakuta mzizi, na mzizi mmoja hulisha matawi mengi. Tele ni mbali. Port ni kubeba. Thermo ni joto. Bio ni uhai. Basi Anaeli akarudi nyumbani kama mtu aliyepewa jembe jipya, na kila alichokiona kikawa shamba. Lori likipita limeandikwa Transport ubavuni, yeye husimama katikati ya vumbi na kutangaza, "Trans, ng'ambo! Port, beba! Beba ng'ambo!" Jogoo wetu akapewa jina la Bipedi kwa sababu ya miguu yake miwili. Bibi aliposhuka kutoka Chome kututembelea, Anaeli alimweleza kwamba telefoni maana yake ni sauti ya mbali. Bibi akaigeuzageuza simu ya Baba kiganjani, akasema, "Sauti ya mbali? Mbona shangazi yako yuko hapo Makanya tu na hasikiki?"

Mama hakujua Kiingereza, lakini kaka alipoanza kuchimba maneno yake, aliacha kukanda unga ili asikilize. Alimpa kila kitu amsomee: mfuko wa ngano, karatasi ya dawa ya kuku, maandishi ya fulana za mitumba. Anaeli akisema, Mama aliamini. Aliwaambia wateja, "Mimi dunia nasomewa nyumbani."

Kopo lile tulipewa wakati wa likizo. Dereva mmoja aliyezoea chai ya Mama alilitoa chini ya kiti chake, kopo la bati lenye dawa ya kutolea grisi. "Hii, mama, inakula masizi yote," alisema, akapanda lori lake akaenda zake. Karatasi ya kopo ilikuwa imechubuka na kulowa mafuta. Lilikuwa limebaki neno moja tu la kusomeka, kwa herufi nyekundu.

Mama alifungua kifuniko, akanusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Inanuka kama petroli. Anaeli! Njoo unisomee. Isije ikawa inashika moto."

Kaka alikuja mbio kutoka nyuma ya kibanda. Akaligeuza kopo kwenye mwanga na kulisoma lile neno polepole: inflammable. Kisha akatabasamu. Sijawahi kuliona tena tabasamu lile usoni kwake.

"Hili rahisi, Mama. In ni kukana. Visible ni kinachoonekana, invisible ni kisichoonekana. Flam ni mwali wa moto. Able ni kuweza." Alisimama wima kama yuko mbele ya darasa. "Kisichoweza kushika moto."

Mama muuza nyanya wa kibanda cha pili alimpigia kigelegele. Mama yangu akacheka, akamimina ile dawa kwenye kitambaa, nyingi mpaka ikachuruzika kwenye vidole, akainama kusugua meza ya bati iliyokuwa pembeni mwa jiko la mkaa.

Mwanzo wake sikuuona. Nilisikia tu sauti kama ya shuka linalokung'utwa, na nilipogeuka, mikono ya Mama ilikuwa inawaka hadi kwenye viwiko. Hakupiga ukunga. Alisema, "Watoto rudini nyuma," kwa sauti ile ile ya kila siku, kana kwamba tunakaribia barabara. Muuza nyanya ndiye aliyemrukia na kanga na kummwagia mchanga. Watu wakajaa. Gari dogo lililokuwa limesimama kununua maji likampakia kwenda hospitali Same. Anaeli alibaki amesimama pale pale, mikono ameining'iniza, mpaka mtu akamsukuma kando ili apite.

Baba alikuja hospitali moja kwa moja kutoka machimboni, jasi ikiwa imeganda usoni kwa jasho.

"Imekuwaje?"

"Nilijisahau," Mama alisema. Mikono yake ilikuwa imefungwa bandeji nene. "Nilidhani ni sabuni ya maji."

Nilifungua kinywa ili niseme ilivyokuwa. Mama akanitazama, nikakifunga. Anaeli alikuwa mlangoni, alisikia kila neno. Nadhani alikuwa amekuja amejiandaa kwa fimbo, na fimbo haikuja. Akageuka akatoka nje, na jioni ile hakula, wala kesho yake.

Siku chache baadaye, Baba akiwa amerudi kazini, mzee Mbwambo aliingia wodini amevua kofia. Kaka alikuwa nyuma yake.

"Shikamoo mwalimu," Mama alisema.

"Marahaba, mama Anaeli. Pole. Pole sana." Alikaa kwenye ukingo wa benchi kama mtu asiyestahili kukaa. "Mtoto alikuja kwangu na kopo. Aliliweka mezani akaniuliza, neno hili maana yake nini. Hakusema lingine." Akaigeuza kofia mikononi. "Kosa si lake. Kuna in mbili. Moja inakana. Ya pili haikani, inatia ndani, inatia nguvu. Hilo neno maana yake ni kitu kinachowaka upesi. Niliwafundisha ile ya kwanza tu. Hii nyingine nilisema tutaifikia baadaye."

Nilitegemea Mama angelia, au angemfukuza.

"Basi mfundishe na hiyo ya pili," alisema. "Hapa hapa, na mimi nikisikia."

Mzee akajaribu. Akataja neno la kuvuta pumzi ndani, akataja la kuchoma sindano, akataja la kuwasha moto, na kila mara akisema, "Unaona, hapa in inaingiza." Wagonjwa wa vitanda vya jirani walinyamaza wakisikiliza. Anaeli alikuwa ameegemeza paji la uso ukutani. Mwalimu alipomwuliza kama ameelewa, hakugeuka.

Mama alirudi nyumbani na mfuko wa dawa. Bibi alishuka tena kutoka Chome kuja kumuuguza, safari hii bila utani. Mama hakuweza kushika hata kijiko, hivyo Bibi alimlisha uji, na mimi nikapewa kazi ya kumtia vidonge mdomoni kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vidogo na safi.

Hapo ndipo lilipoanza jambo ambalo kwa miaka mingi nililichukia. Kila saa ya dawa ilipofika, Mama alimwita kaka.

"Anaeli, njoo unisomee. Kipi cha asubuhi? Vingapi?"

Anaeli alikuja akiburuta miguu. Alishika kipakiti cha vidonge kwa ncha za vidole. Alisoma mara ya kwanza kimoyomoyo, mara ya pili kwa kunong'ona, na mara ya tatu ndipo alitamka. Wakati mwingine jasho lilimtoka puani. Siku moja alikimbia akajificha nyuma ya choo, na Mama akaendelea kumwita kwa sauti ya kinyonge, mpaka akarudi.

Bibi hakuweza kuvumilia. "Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka," alisema, "na wewe unauchezea unyasi. Binti wa nesi yuko nyumba ya tatu. Mwite akusomee, umwache huyu mtoto apumue."

"Anaeli yupo," Mama alijibu.

Niliamini kwamba anamwadhibu. Nilidhani ameficha ukweli mbele ya Baba ili yeye mwenyewe amlipize kaka, kidogo kidogo, asubuhi na jioni. Niliona mama mwenye huruma angemwacha yule kijana asahau. Kuna siku nilikitia kile kidonge mdomoni mwake kwa hasira, nikamgonga jino.

Bandeji ziliondolewa. Mikono ikapona kwa namna yake, ngozi ikawa inang'aa kama karatasi ya nailoni, na vidole viwili vya kulia havikunyooka tena. Chapati zikawa nene upande mmoja, lakini wateja walirudi. Anaeli alirudi shule. Hakuchimba tena neno lolote kwa sauti. Alimaliza kidato cha nne, akajifunza useremala, na leo ana karakana yake hapa hapa Same na watoto watatu. Akipata ujumbe wa Kiingereza kwenye simu, huwa ananipigia kuniuliza neno moja ambalo nina hakika analijua. Ninamjibu, naye anasema asante, dada, na hatuongezi kitu.

Mama sasa amerudi Chome. Mwaka jana nilipokwenda kumsaidia kuvuna tangawizi, tulikaa barazani tukizisugua udongo, nami nikamwuliza kwa nini alimtesa Anaeli na zile dawa.

Alishangaa. "Kumtesa?"

"Binti wa nesi alikuwa nyumba ya tatu, Mama."

Aliendelea kusugua kwa kile kiganja chake kisichokunjuka vizuri.

"Ningemwita binti wa nesi, Anaeli angejua simwamini tena."

"Kwani ulikuwa unamwamini?"

Akachukua tangawizi nyingine, akaifikicha udongo.

"Nilikuwa naogopa," alisema. "Kila kidonge. Nilijua mtoto kachanganyikiwa, anaweza kunisomea kumi mahali pa kimoja. Nikishameza nalala naomba Mungu niamke, nisije nikafa yeye akabaki na hilo."

Nililala naye kitanda kimoja siku zile zote. Mimi ndiye niliyekuwa nikishika vile vidonge, kimoja kimoja, nikivipeleka kinywani mwake huku kaka akitazama kutoka mlangoni, na kila mara Mama alifungua mdomo mara moja, bila kusita, kama kinda la ndege. Nilidhani anafungua kwa urahisi.